Nani Hupewa Habari za Mlima?

Ndugu zangu wa nyumbani wakiona picha za magari yetu yakikata theluji huku Colorado, hudhani kwamba kinachotufikisha salama ni gari lenyewe, lenye matairi mapana, minyororo na winchi. Mimi naona gari lina mchango mdogo. Kinachowarudisha watu makwao ni vipimo vinavyosomwa usiku wa kuamkia safari, na vipimo hivyo ndivyo vinavyonifanya niikumbuke Lushoto, milimani kwetu Tanzania, kwa uchungu.

Katika milima ya magharibi mwa Marekani kuna zaidi ya vituo 900 vya SNOTEL, yaani vituo vya kupima theluji vinavyojiendesha vyenyewe, vilivyo chini ya wizara ya kilimo. Kituo kina kitu kama godoro lililojazwa kimiminika kisichoganda. Theluji hulielemea, na kwa uzito huo hujulikana imebeba maji kiasi gani. Dereva anayeangalia kina cha theluji peke yake hudanganyika. Theluji ya sentimita 100 yenye maji ya sentimita 10 ni unga mtupu, na gari huzama hadi kwenye ekseli. Kina hicho hicho chenye maji ya sentimita 35 kimeshindiliwa, na alfajiri, baada ya usiku wa baridi kali, kinaweza kubeba gari lililopunguzwa upepo wa matairi, ingawa jua la mchana hukilegeza na gari likanasa wakati wa kurudi.

Hata hivyo, kituo cha Red Mountain Pass, kati ya Ouray na Silverton, kiko kwenye mita 3,400 hivi, tena vituo hivi huwekwa mahali palipokingwa na upepo, ilhali njia ya Imogene, iliyo jirani, hupanda hadi karibu mita 4,000, ambako upepo huisomba theluji na kuirundika upande mmoja. Kwa hiyo tunasoma pia tahadhari ya maporomoko ya theluji, yenye ngazi 1 hadi 5, kisha tunaangalia kwenye ramani kama njia inapita chini ya mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, kwa kuwa maporomoko mengi huanzia huko. Ngazi ikifika 3 siendi, na hakuna anayeniuliza kwa nini.

Haniulizi mtu kwa sababu tulikuwa tunakwenda kustarehe. Kilichopotea ni Jumamosi tu. Kule Lushoto, anayepanda kwenda kijiji cha Mtae wakati wa masika anampeleka mgonjwa au anawahi maziko, na tegemeo lake ni utingo wa Fuso iliyoteremka asubuhi.

"Mjomba, huko juu panapitika?"

"Panapitika, ila pale kwenye kona shika kushoto, kulia kumemeguka."

Simdharau utingo huyo, maana hakuna kituo cha SNOTEL kinachoweza kukutajia kona iliyomeguka. Lakini habari yake ni ya asubuhi. Mvua ya saa nane mchana haimo.

Wapo wasemao kwamba vyombo hivi ni anasa ya matajiri. SNOTEL haikuwekwa kwa ajili yetu wapenda starehe. Iliwekwa ili ijulikane theluji ikiyeyuka kutakuwa na maji kiasi gani ya kumwagilia mashamba na kujaza mabwawa, nasi tunafaidika kwa kuwa vipimo viko wazi kwenye intaneti bila malipo. Vipimamvua vya mashambani na vya mabonde ya maji kwetu vingeweza kufanya kazi hiyo ya pili, ya kumwonya msafiri, ilimradi kipimo cha saa hiyo kimfikie dereva kwa ujumbe wa simu kabla hajaanza kupanda kutoka Mombo, chini ya milima.