Mzee wa Buluu wa Barabara ya 12

Asubuhi hiyo nilifika kwenye duka langu la kuchapa picha, Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, nikakumbuka kuwa miwani nimeiacha nyumbani Chumbageni, juu ya friji, na kwa kuwa sikuwa tayari kulipa nauli ya kurudi na ya kuja tena kwa ajili ya vioo viwili, niliamua kufanya kazi na macho niliyobaki nayo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alitaka kalenda 30 zenye picha yake awagawie watoto na wajukuu. Katika picha hiyo ameketi mbele ya ukuta mweupe, amevaa kanzu nyeupe na koti la kijivu, na ndevu zake, nyeupe pee, zimechanwa kwa uangalifu wa mtu anayejua kuwa atatazamwa mwaka mzima.

Ili nione vizuri nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, ikafunguka ile programu ya kukuza vitu kwenye skrini, waliyowekewa watu wenye uoni hafifu. Kisha nikataka kubadili ukubwa wa picha, na katika Photoshop, programu ninayohariria picha, vitufe vya kazi hiyo ni Ctrl, Alt na I. Nikavibonyeza. Badala ya kuletewa kisanduku cha vipimo, nikaona weupe wote umekuwa weusi na mzee amekuwa wa buluu. Sikushtuka, kwa maana nilidhani nimefanya kosa langu la kila siku: kidole kimeikosa Alt, na Ctrl na I peke yake hugeuza rangi za picha. Dawa yake ni kuvibonyeza tena hivyo viwili. Nikavibonyeza, mzee akarudi kama alivyoumbwa. Ile rangi ya kijivu iliyokoza inayoizunguka picha niliiona imepauka, nikasema ni jua linaloingia mlangoni. Mtu asiye na miwani husingizia jua mambo mengi.

Nikaamuru printa ichape zote 30, na adhana ya adhuhuri ilipolia nikaenda msikitini.

Niliporudi nilimkuta mzee na mkewe wamekaa kwenye benchi la wateja, kalenda moja imefunguliwa magotini mwa mzee.

“Shikamoo, mzee. Shikamoo, bi mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu,” alijibu mzee kwa sauti ya upole iliyonitia hofu zaidi kuliko ukali. “Huyu uliyemweka hapa ni nani?”

Nikaisogeza kalenda hadi karibu na pua. Uso ulikuwa wa buluu mpauko, kama wa mtu aliyeopolewa baharini Raskazone baada ya siku tatu. Weupe wa macho ulikuwa mweusi, na katikati yake mboni nyeupe zikinitazama. Kanzu ilikuwa nyeusi tii.

“Koti ndilo lililonijulisha kuwa ni yeye,” akasema bi mkubwa.

Nikailaumu printa. Wino mweusi ulikuwa umekwisha kwenye kalenda ya 19, jambo lililonipa hoja, nikabadilisha katriji, nikasafisha vichwa vya printa mara mbili, nikachapa tena mbele yao. Akatoka mzee yule yule wa buluu, safari hii akiwa ameng’aa zaidi. Ndipo kijana wa duka la jirani, aliyekuja kuomba chenji, alipochungulia skrini baada ya mimi kushusha dirisha la picha, akauliza: “Mjomba, tangu lini mafolda yako yakawa ya buluu?”

Kumbe ile programu ya kukuza nayo ina vitufe vyake vya kugeuza rangi za skrini nzima, navyo ni Ctrl, Alt na I, na ndiyo iliyoninyang’anya amri. Kila nukta ya picha hubeba namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255, na kugeuza rangi ni kutoa kila namba katika 255. Kwa hiyo nyeupe huwa nyeusi, ngozi ya kahawia huwa buluu, na kijivu cha katikati, yaani 127, huwa 128, ndiyo maana koti lilisalimika. Skrini iligeuza, nami nikageuza picha yenyewe, macho yangu yakaona sawa. Lakini printa haisomi skrini, husoma picha. Na mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu kwa wateja kuwa nilianza kazi enzi za negativu, zile filamu ambazo nyeupe huonekana nyeusi!

Nikaahidi kuchapa upya kwa gharama yangu. Mzee hakuonekana kusikia; alikuwa ameielekeza kalenda kwenye mwanga wa mlango.

“Hizi ndevu, mwanangu,” akaniambia polepole, “huwezi kuziacha hivi hivi nyeusi, hayo mengine ukayarudisha?”

Nikamjibu kuwa inawezekana kabisa, kwani ningezichagua ndevu peke yake.

“Weka nyeupe,” bi mkubwa akakata. “Nyeusi nilishakaa nazo, zikanipa watoto tisa na maneno mengi.”

Nikaweka nyeupe. Nilipohesabu za buluu ili nizitupe ilipungua moja, na koti la mzee, wakati anatoka mlangoni, lilikuwa limevimba upande mmoja.