Bwawa la kutuamisha tope mgodini: tulipanue au tuzuie udongo kule juu?

Mvua ikikatika, jaza chupa ya lita moja na nusu kwa maji mekundu yanayoshuka kwenye mtaro wa machimbo, uiache dirishani. Kabla chai haijachemka, mchanga umeshakaa chini. Nusu saa baadaye kuna tabaka la udongo laini juu yake. Lakini kesho yake asubuhi maji bado yana rangi ya chai ya maziwa.

Ubishi wote kuhusu mabwawa haya umo ndani ya chupa hiyo. Maji ya mvua hupita kwenye mashimo, barabara za malori na malundo ya magwangala (mawe na udongo wa kutupwa), yakazoa udongo. Bwawa linayatuliza ili udongo uzame, kisha yanatoka kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji bwawani. (Tusilichanganye na bwawa la tope la mtambo wa kuchenjulia, kama lile la mgodi wa almasi wa Mwadui lililopasuka Novemba 2022. Hilo ni hatari ya aina nyingine.)

Upande mmoja unasema: jengeni kubwa. Hesabu yao ni nyepesi na inaeleweka. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye hekta 10 ni mita za ujazo 5,000. Asilimia 60 ikitiririka, bwawa lipokee 3,000. Marekani, kwenye migodi ya makaa ya mawe, kipimo kilichozoeleka ni mvua ya saa 24 inayotarajiwa mara moja katika miaka 10. Jina hilo linapumbaza watu wengi. Mgodi ukidumu miaka 15, uwezekano wa kukutana na mvua ya namna hiyo, au kubwa zaidi, angalau mara moja ni karibu asilimia 79. Kwa hiyo anayelima majaruba ya mpunga chini ya mgodi ana haki kabisa kudai kipimo cha miaka 25, hata 100. Mpunga uliofunikwa na tope haurudishwi na maelezo ya mhandisi.

Ila ukubwa hautibu kila kitu. Kinachoamua kama chembe itazama ni eneo la uso wa maji kuliko kina chake. Ndiyo maana kuchimba shimo refu jembamba ni kupoteza fedha. Chembe ya maikroni 20 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita) huzama zaidi ya mita moja kwa saa. Ya udongo wa mfinyanzi, maikroni 2, huzama kama sentimita 31 kwa siku nzima. Yakiingia na kutoka maji lita 500 kwa sekunde, kuzinasa zile za kwanza kunahitaji uso wa mita za mraba 1,400 hivi. Kuzinasa za mfinyanzi kunahitaji karibu hekta 14, yaani bwawa kubwa kuliko eneo lenyewe la hekta 10 linalotoa maji! Na udongo wetu mwekundu wa Kanda ya Ziwa una mfinyanzi mwingi. Shabu, ile chumvi ya kusafishia maji, husaidia, kwa sababu hugandisha chembe pamoja zikawa nzito, lakini inahitaji mtu anayepima kila mvua, hata inayonyesha saa nane usiku.

Ndipo upande wa pili unaposema fedha ziende juu: makinga maji ya kugeuza maji safi kabla hayajagusa machimbo, vizuizi vya mawe kwenye mitaro, majani kwenye miteremko iliyokwisha kutumika. Nami naegemea huko. Udongo ambao haujang'oka hauhitaji bwawa. Lakini nimlaumu nani, maana makinga maji hayadumu: shimo linasogea, tingatinga linakata mtaro Jumatatu, mvua inakuja Jumanne. Bwawa la chini ndilo linalobeba makosa hayo, na bila hilo mto ndio unaoyabeba.

Linalonisumbua zaidi ni jambo ambalo pande zote mbili hulitaja kwa haraka: kuzoa tope. Bwawa la mita za ujazo 3,000 lililojaa nusu ni bwawa la 1,500, hata kama mchoro ofisini unasema vingine. Maji mapya yakiingia kwa nguvu yanatibua hata tope la zamani. Nguzo moja katikati ya bwawa, iliyopakwa rangi kwenye alama ya nusu, ingemwonyesha mkaguzi na mwanakijiji ukweli huo wakiwa wamesimama kwenye tuta. Kazi yenyewe ifanyike kati ya Juni na Septemba, kabla ya mvua za Oktoba, na tope lipelekwe mahali ambapo mvua ya kwanza haitalirudisha.

Kwa wachimbaji wadogo ugumu ni zaidi. Hawana ekskaveta, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, mara nyingi palepale bondeni ambapo bwawa lingefaa. Bwawa la pamoja, juu ya mpaka huo, lingewezekana kama ushuru wa kulizoa ungekubaliwa kabla ya kuchimbwa. Liwekewe uzio, kwa kuwa ng'ombe na watoto wataliona kuwa ni lambo. Na pale dhahabu inapooshwa kwa zebaki, tope hilo lisipelekwe shambani kama mbolea.