Kila Jengo ni Samaki

Nani aliwaambia wanafunzi wa usanifu majengo wa Kisumu kwamba kila jengo lazima liwe samaki? Mhadhiri akitoa kazi ya soko, linakuja ngege. Akitoa kituo cha mabasi, ni mbuta amelala ubavu. Akitoa maktaba, tunaletewa omena. Ukiwakataza samaki wanahamia kwenye mtumbwi, na mtumbwi ukikataliwa bado kuna gugumaji. Halafu mtu anasimama mbele ya juri, yaani jopo la kuhukumu michoro, kakosa usingizi, macho mekundu, anasema dhana yake "imetokana na mazingira", utadhani ziwa limeletwa juzi kwa lori.

Sina ugomvi na samaki. Ugomvi ni mkia. Mkiani ndiko vinakosukumwa vyoo kila siku, kwa sababu ndiyo nafasi iliyobaki. Ukuta uliopinda haupokei kitanda wala kabati, jiwe la kukatwa kwa mashine ni la pembe nne na halijui kupinda, na ile kona ya nyuzi 30 pale mkia unapochongoka haiingii hata ufagio. Choo chenyewe kinachorwa cha milimita 900 kwa 1500, ambayo inatosha kabisa mlango ukifungukia nje. Lakini mlango wa msanii wetu unafungukia ndani, unagonga bakuli, na aliyeingia hana budi kupanda juu ya choo ndipo aufunge. Uliza bomba la milimita 100 la choo cha ghorofani linateremkia wapi. Kimya. Fuata mstari kwa kidole: limepita katikati ya jikoni, juu ya sufuria ya ugali.

Na ngazi je? Ngazi za wanafunzi ni za imani. Kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3. Kidato kikiwa na kimo cha milimita 150, unahitaji vidato 20, hakuna mjadala. Vidato 20 vina vikanyagio 19, kwa maana cha mwisho ni sakafu yenyewe. Kwa upana wa milimita 300 kila kimoja, ngazi iliyonyooka inakula mita 5.7. Ukiigeuza katikati, kila mkono una vikanyagio tisa, yaani mita 2.7, ongeza kituo cha kugeukia cha mita 1.2, jumla mita 3.9. Kwenye ramani imeachiwa mita mbili. Kwa hiyo ama vidato vinakuwa vya kukwea kama mnazi, ama ngazi inaishia hewani na mgeni anaombwa aruke. Halafu usisahau boriti: hesabu mita 2 wima kutoka ncha ya kila kidato hadi chochote kilicho juu yake. Wengi hugundua boriti siku ya juri, kwa kuonyeshwa na mtu mwenye rula.

Dawa yake ni kuchora seksheni, yaani jengo lililokatwa wima lionekane ndani, mapema, ukiwa bado na penseli, na uikate palipo pagumu: kwenye ngazi, kwenye choo, penye sakafu mbili zisizolingana. Lakini hapana, mtu anaikata sebuleni ambako hakuna kitu, anajaza miti.

Sasa tuje kwenye jua, na hapa nitakaa, mnisamehe. Vitabu vingi vya studio vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya. Vinasema kioo kikubwa kitazame kusini, jua la baridi liingie lipashe nyumba joto. Mwanafunzi wa Kisumu anainakili hivyo hivyo. Joto gani tena unataka, ndugu yangu? Katikati ya mji ni kilomita kama kumi tu kusini mwa ikweta; mstari wenyewe unapita Maseno, hata kibao kipo. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini, Machi na Septemba limekukalia utosini. Kaskazini na kusini ni rahisi kuzitibu: hata Juni na Desemba, jua la adhuhuri liko kwenye nyuzi kama 66 kutoka upeo, kwa hiyo ukingo wa paa wa milimita 650 unalitia kivuli dirisha lote la mita moja na nusu. Na adhuhuri yetu si saa sita. Saa za Kenya zinafuata longitudo ya nyuzi 45, sisi tuko karibu na 35, kwa hiyo jua linafika juu kabisa yapata saa saba kasorobo.

Balaa ni magharibi. Yapata saa kumi na dakika arobaini jioni jua limeshuka hadi nyuzi 30. Ukingo wako wa milimita 600 hapo unafunika milimita kama 350 za juu ya dirisha, kilichobaki kinachomwa. Ili ufunike mita moja na nusu ungehitaji ukingo wa mita 2.6, na hiyo si ukingo tena, ni veranda. Basi jenga veranda. Au weka ngazi, stoo na vyoo upande huo, vichomeke vyenyewe, watu wakae kwingine.

Unadhani tumemaliza? Upepo nao unakuja kutoka huko huko. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hewa inapanda, na upepo wa ziwa unaingia mjini kujaza nafasi, kutoka magharibi na kusini-magharibi. Usiku unageuka. Yaani kitu pekee cha kukupoza alasiri kinapitia mlango mmoja na kitu kinachokuchoma. Ukifungua, unaungua, ukifunga, unatokota. Hili ndilo swali zima la kubuni nyumba Kisumu, na ndilo hakuna anayeligusa kwa sababu ameshughulika na magamba ya samaki.

Jibu lipo. Laza jengo, urefu wake uende mashariki hadi magharibi, ubavu mwembamba uangalie ziwa. Madirisha yawe kusini na kaskazini. Upepo unaokuja kwa mshazari uudake kwa ukuta mfupi uliochomoza pembeni mwa dirisha la kusini, kwenye ukingo wake wa mashariki: upepo unagonga pale, unakosa pa kwenda, unaingia. Kisha uupe pa kutokea upande wa pili, uwazi usiopungua ule wa kuingilia. Chumba chenye dirisha moja hakipati upepo hata ukikijenga katikati ya ziwa. Na ukiweka wavu wa mbu, kama inavyokupasa, ujue umepunguza upepo, ongeza dirisha.

Badala ya hayo yote, tunachorewa mshale wa buluu. Mshale wa buluu ni upepo. Unaingia dirishani, unatoboa ukuta wa milimita 200, unapita ndani ya kabati la nguo, unatoka kwa jirani ukiwa bado wa buluu. Kisha unageuka mwekundu, ishara kwamba umepata joto, unapanda kwenye paa ambalo halina tundu.

Udongo nao hauchorwi. Chini ya kila jengo kuna mstari mmoja na vijinukta. Nenda Nyamasaria, viungani mwa mji, uchimbe uone: udongo mweusi ule, ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka hadi mkono unazama. Msingi wa kawaida ukikaa juu yake, kuta zinapata nyufa za mshazari kuanzia kona za madirisha. Unauchimba wote hadi ardhi ngumu na kujaza murram iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na ukiwa wa kina sana mhandisi atakushauri msingi wa slabu nzima. Tena huko ni bonde la mafuriko. Sakafu ya milimita 150 juu ya ardhi ni bwawa la kambale. Sawa, unapandisha hadi 600. Hongera, sasa kiti cha magurudumu kinahitaji mteremko wa moja kwa kumi na mbili: mita 7.2 za rampu, bila kuhesabu vituo vya kupumzikia. Rampu imemtoboa samaki tumboni. Ndiyo maana inafutwa usiku wa mwisho.

Paa la kipepeo, lile linaloinamia katikati, nitalisema haraka. Mita za mraba 100 za mabati zikinyeshewa milimita 50 zinakupa lita 5,000, na zote unazikusanya kwenye mfereji mmoja ulio juu ya kitanda. Jani moja la mwembe likiziba tundu, shauri lako.

Picha za kompyuta ndizo hupendeza. Soko la Kibuye, misonobari pande zote, mzungu anasukuma kigari cha mtoto. Hakuna boda, hakuna mama wa omena, hakuna hata gunia. Pakua watu wanaofanana na watu, jamani, au wapige picha kwa idhini yao uwakate.

Modeli hufanywa kwa hasira, na hasira haikati kadibodi. Rula iwe ya chuma, wembe mpya, upitishe mara tatu nne kwa wepesi; ukikandamiza mara moja ukingo unachanika na kidole gumba kinafuata. Ubao wa povu wa milimita 5 kwenye skeli ya 1:100 ni ukuta wa nusu mita, wa kuzuia mizinga. Huo utumie kwa ardhi: kwenye 1:200 kila tabaka ni mita moja barabara. Supaglu usiiguse kwenye povu jeupe la kufungashia televisheni, inalila mpaka linabaki shimo. Gundi nyeupe ya mbao, nyembamba. Ukiipaka nene karatasi inalowa na paa linajikunja lenyewe.

Kisha saiba, kule kwa kuchapisha, saa mbili kabla ya juri, foleni hadi nje. Mistari ya njano iliyong'aa kwenye weusi wa AutoCAD, programu ya kuchorea, imechapishwa njano juu ya karatasi nyeupe, yaani haipo. Kijana wa saiba anauliza, "Nijaze ukurasa?" Ukisema ndiyo umeisha: printa inaacha kingo zake, mchoro unapungua, 1:100 inakuwa kitu kama 1:104, na mlango wako wa 900 unasomeka 865 kwenye rula ya juri. Sema asilimia mia. Chora na kipimo cha mstari kwenye karatasi, kipungue pamoja na mchoro. Na kabla ya kulipia karatasi kubwa ya A1, toa moja ya A3, ambayo inapunguza kwa nusu kamili: 1:100 inasomeka 1:200. Unene wa mistari nao: kuta zilizokatwa ziwe milimita 0.5, vinavyoonekana nyuma 0.25, vipimo 0.13. Ukiacha zote sawa, ukuta na kabati ni ndugu.

Michoro itie kwenye kipande cha bomba la PVC la milimita 100, ufunge ncha mbili, mvua isikusumbue. Modeli haiingii kwenye bomba. Kitako cha 600 kwa 600 ni tanga zuri mno kwa upepo ule ule wa ziwa ambao hukuukaribisha chumbani, kwa hiyo kwenye boda usikikinge mbele ya kifua. Kigeuze ukingo utangulie, na ukishikie chini. Kabla hamjaondoka mwambie dereva aende polepole, umebeba kitu cha kuvunjika. Atakuambia, "Usijali, mkubwa," ageuke aangalie vizuri, aulize huyo samaki ni wa bei gani, kisha aongeze mafuta.