Risasi kwanza, bunduki baadaye

Juzi nimemsikia tena mtu mzima, mwenye sauti ya mamlaka na wasikilizaji wengi, akifundisha kwamba bunduki ya marisau ya kivita haihitaji kulengwa: ielekeze tu upande aliko adui, fyatua, na marisau yatamtafuta yenyewe. Kisha akatumia muda mrefu kulinganisha bunduki mbili za aina hiyo, Benelli M4 na Mossberg 590A1, kitako kwa kitako na rangi kwa rangi, bila kutaja hata mara moja kitakachotiwa ndani yake. Somo la namna hii limenichosha, tena nadhani ni la hatari.

Risasi ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) yenye marisau makubwa ya namba 00 hubeba kwa kawaida punje 8 au 9, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 8.4 hivi. Kwa mtutu usiobanwa mdomoni, makadirio yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kundi la punje hutanuka kwa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita linayosafiri. Fanya hesabu: kwa umbali wa mita 5, ambao ndio umbali wa chumbani, punje zote hupita mahali pasipozidi sana upana wa kiganja. Huo ndio mtawanyiko mkubwa tunaohubiriwa. Kwa mita 25 mambo hugeuka, kwa kuwa baadhi ya punje humpita mlengwa pembeni na kuendelea na safari zikiwa bado na nguvu ya kumuua aliye nyuma yake, na kila punje iliyopotea ina mwenyewe, naye ni yule aliyefyatua.

Ndiyo maana nasema uchaguzi uanze na risasi. Ndani ya ganda, kati ya baruti na punje, kuna kikombe cha plastiki ambacho wengi hawajawahi kukitupia jicho, ilhali ndicho kinachoamua punje zitoke zikiwa zimeshikamana au zimesambaratika. Kampuni ya risasi ya Federal hutengeneza kikombe kiitwacho FliteControl, kinachoendelea kuzishika punje hata baada ya kutoka mtutuni. Bunduki ile ile, mikononi mwa mpigaji yule yule, hupata umbali wa kutumika ambao haikuwa nao kwa risasi ya bei rahisi. Idadi ya punje nayo ina neno: wapigaji wengi wenye uzoefu hupendelea 8 kuliko 9, kwa sababu ile ya tisa mara nyingi ndiyo inayoasi na kutoka nje ya kundi. Zaidi ya hayo, mitutu miwili ya kiwanda kimoja na ya muundo mmoja inaweza kuipokea risasi moja kwa namna tofauti, hivyo hakuna jedwali wala mjuzi anayeweza kukujibia. Nunua aina kadhaa, tundika karatasi pana kwenye uwanja wa shabaha, piga kwa mita 5, 10, 15 na 25, kisha pima kila kundi kwa rula. Ni kazi ya kuchosha isiyopendeza kutazamwa, na labda ndiyo sababu mjuzi wetu hakuigusa.

Kuhusu marisau madogo ya kuwindia ndege, nitasema kwa ufupi kwamba dhidi ya mtu hayaingii ndani vya kutosha. Kipimo kinachotumiwa na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ni angalau sentimita 30 ndani ya jelatini inayoiga mwili wa mtu, na namba 00 na namba 1 hukifikia. Risasi za kutema moto ni za sherehe. Risasi ya donge moja, yenye uzito wa gramu 28 hivi, ina nafasi yake pale umbali unapozidi uwezo wa punje, mradi bunduki iwe na vilengeo vya kweli na si kishanga tu mdomoni.

Historia yenyewe iko upande wangu. Wamarekani walipoingia kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia na bunduki ya marisau ya Winchester Model 1897, Ujerumani iliwasilisha malalamiko rasmi Septemba 1918, ikidai kwamba silaha hiyo inasababisha mateso yasiyo ya lazima, Marekani ikakataa. Kisa hicho husimuliwa kwa fahari kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba maganda ya karatasi yalinyonya unyevu wa mahandaki, yakavimba na kugoma kuingia chemba, hata ikabidi yatengenezwe maganda ya shaba. Bunduki iliyotisha jeshi zima ilikuwa ikishindwa na karatasi iliyolowa.

Basi, bunduki. Ya kukoki kwa mkono hula karibu kila risasi, lakini mtu aliyepaniki huivuta nusu na kuikwamisha. Nusu-otomatiki, inayojipakia yenyewe kwa nguvu ya risasi, kama Benelli M4, ambayo Kikosi cha Marine cha Marekani huitumia kwa jina la M1014, hupunguza teke la begani na kuharakisha pigo la pili, na nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba kwa wengi ndiyo bora, alimradi risasi iwe na nguvu ya kuiendesha. Risasi laini zinazotoka kwa mita 350 hivi kwa sekunde zijaribiwe humo kabla ya kuaminiwa. Kitako kikiwa kirefu mno kwa mkono wako, mengine yote ni bure.

Kuna jambo moja linalonilazimisha kulegeza msimamo. Huko Ukraine, askari wamerudi kwenye bunduki za marisau ili kudungua droni ndogo zinazowajia kwa kasi, na kwa kazi hiyo yale marisau madogo niliyoyabeza ndiyo yanayofaa, kwa sababu wingu la punje nyingi lina nafasi kubwa zaidi ya kugusa rafadha kuliko punje 8 nzito, na plastiki nyepesi haihitaji sentimita 30 za kupenya. Mtutu nao hapo unatakiwa uwe mrefu na uliobanwa mdomoni, kinyume kabisa cha ule mfupi unaosifiwa kwa mapambano ya vyumbani. Askari mwenye bunduki moja kwa kazi zote mbili atalazimika kutenganisha risasi zake mifukoni na kuzitambua kwa vidole gizani, na sijasikia mjuzi yeyote akilifundisha hilo.