Tafiti zetu si chache, zimefungiwa kabatini

Hapa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, mwanafunzi wa uzamivu akikaribia kutetea tasnifu yake huchukua nyundo na msumari, akaigongomea nakala moja kwenye ubao mbele za watu. Desturi hiyo wanaiita spikning. Hufanyika wiki tatu hivi kabla ya utetezi, ili yeyote anayetaka kuisoma kazi hiyo na kuja kumbana mwandishi kwa maswali apate nafasi. Siku hizi msumari una mwenzake wa kidijitali: kazi hiyo inasajiliwa na kupandishwa kwenye DiVA, hifadhi iliyoanza Uppsala mwaka 2000 na ambayo leo inatumiwa na makumi ya vyuo na taasisi. Maandishi yanatoka hadharani kwanza, mtihani baadaye.

Nikiuona ubao ule nafurahi, na papo hapo nakasirika. Nyumbani Tanzania tunapita njia ile ile mpaka mlangoni mwa mtahini, kisha tunageuka. Tasnifu inasahihishwa, inatiwa jalada gumu na herufi za dhahabu mgongoni, nakala zinagawanywa idarani, maktaba na kurugenzi ya uzamili, na hapo safari imeisha. Ukiitaka, uende mwenyewe na kitambulisho, uisomee pale pale, na kutoa nakala ni kurasa chache tu. Wenye kuyajua haya hawahitaji kusimuliwa.

Sisemi kwamba Sweden wana akili kuliko sisi. Nasema jambo moja tu: tunaonekana tunatafiti mambo machache kwa sababu machache ndiyo yanayoonekana. Mtu aliye nje akitafuta kazi za vyuo vya Tanzania atakutana na malaria, Ukimwi, mahindi, na panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Ni kazi za kujivunia, lakini zinaonekana kwa sababu mradi ulikuwa na fedha, na mwenye fedha alidai makala kwenye jarida. Tasnifu ya uzamili kuhusu mabaraza ya ardhi ya kata haina mfadhili wa kuidai. Wala ya nahau za Kimakonde, wala ya wakulima wa mwani Paje, wala ya ramani za makazi yasiyopimwa ambazo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wanazichora mtaa kwa mtaa. Hizo ndizo zinazobeba upana wa chuo, na hizo ndizo zinazolala kabatini.

Ukifungua DiVA ya Uppsala unakuta teolojia, sheria, famasia, fizikia ya chembe, na hata kazi za shahada ya kwanza kuhusu ubunifu wa michezo ya kompyuta kutoka kampasi yao ya kisiwani Gotland. Nyingine ni dhaifu kabisa. Zimewekwa hivyo hivyo, na chuo hakijaanguka. Kwa sheria yao, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1766, kazi ya mwanafunzi ikishapokelewa na chuo cha serikali ni hati ya umma, na raia yeyote ana haki ya kuiomba bila kueleza anaitakia nini.

Chukua mmomonyoko wa udongo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanajiografia wa Dar es Salaam na wa Uppsala walishirikiana kupima jinsi udongo unavyohama. Maporomoko yaliyoikumba Mgeta, milima ya Uluguru, mwaka 1970 yalipimwa, na mabwawa ya Dodoma kama Ikowa na Matumbulu yakapimwa yanavyojaa tope. Matokeo yalitoka mwaka 1972 kwenye jarida la Sweden, Geografiska Annaler, na yananukuliwa hadi leo. Vizuri sana. Lakini SUA iko miguuni pa mlima huo huo, na wanafunzi wameupanda na kuandika juu ya matuta yake, misitu yake na maji yake kizazi baada ya kizazi. Anayetaka kujua Mgeta imebadilikaje tangu vipimo vile anazihitaji kazi hizo zote kwa mfululizo. Akikosa miaka ishirini ya katikati, ataandika kwamba hakuna utafiti uliofanyika, na mhariri wa ng'ambo atakubali. Kisha sisi tunanung'unika kwamba wanatudharau.

Najua jibu linalokuja: "Hifadhi tunazo, wewe umekaa Ulaya hujui." Najua tunazo. SUA, Muhimbili, Chuo Kikuu Huria na wengine wana hifadhi mtandaoni, na waliozijenga wanastahili shukrani kuliko wanazopata. DSpace, programu inayotumika zaidi kwa kazi hii, ni ya bure tangu ilipotolewa na chuo cha MIT cha Marekani na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 2002, kwa hiyo kikwazo hakikuwa kununua programu. Kikwazo ni yale madogo ambayo hayawekwi kwenye bajeti.

La kwanza ni faili lenyewe. Tasnifu inaandikwa kwenye kompyuta, inachapwa, inatiwa saini, kisha mtu wa maktaba anaipiga skani upya, ukurasa kwa ukurasa. Matokeo ni picha ya maandishi, na mashine ya kutafuta haioni neno hata moja ndani yake. Uzito nao ni balaa. Kurasa 200 za A4 zikipigwa kwa nukta 300 kwa inchi, rangi ya kijivu, bila kubanwa, hupita gigabaiti 1. Hata zikibanwa hubaki makumi ya megabaiti, ilhali mwongozo wa Google Scholar, mashine ya kutafuta kazi za kitaaluma, unataka faili lisizidi megabaiti 5. Dawa yake ni kumdai mwanafunzi PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye programu aliyoandikia, na kupiga skani ukurasa wa saini peke yake. Hata huo wenye saini ubaki ofisini. Nakala ya umma haihitaji saini ya mtu.

Kwa tasnifu za zamani skani haikwepeki. Basi zipigwe kwa nukta 300, hati iliyo wazi ibanwe kwa nyeusi na nyeupe tu, ambapo ukurasa hushuka hadi makumi ya kilobaiti, kisha ipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi. Tesseract ni ya bure na ina Kiswahili, ila lazima uichagulie lugha. Ukiiacha kwenye Kiingereza, inalazimisha maneno ya Kiswahili yafanane na inayoyajua, na tasnifu nzima ya fasihi inageuka makapi. Nakala iliyotolewa kwa karatasi ya kaboni ibaki ya kijivu, maana nyeusi na nyeupe hula herufi zilizofifia.

La pili ni taarifa za utambulisho. Jina la mwandishi likiandikwa mara tatu kwa namna tatu, kazi zake zinakuwa za watu watatu. Mwaka unaowekwa ni wa kupandisha faili badala ya mwaka wa tasnifu. Ikisiri, yaani muhtasari wa kazi, inaachwa tupu. Ikisiri ya Kiswahili haipo kabisa, wakati huku kazi iliyoandikwa kwa Kiingereza mara nyingi hudaiwa muhtasari wa Kiswidi. Mkulima wa Mgeta aliyejibu maswali ya dodoso anastahili ukurasa mmoja katika lugha anayoisoma. Hilo linaniuma kuliko mengine yote.

La tatu ni seva. Mradi unakuja, hifadhi inazinduliwa kwa picha na hotuba, mradi unaisha, fundi anahama, na siku moja anwani inabadilika. Viungo vyote vilivyonukuliwa kwenye makala za watu vinakufa kwa pamoja. Kitambulisho cha kudumu, kama handle inayokuja na DSpace, kinazuia hilo, ila kwa sharti: seva ikihama, mtu aende kuirekebisha anwani kule kilikosajiliwa. Mtu huyo awe mwajiriwa wa maktaba mwenye kazi hiyo kwenye barua yake ya ajira. Akiwa wa kujitolea, imekwisha.

Sasa wasimamizi wangu wapendwa watasema, "Zikiwekwa mtandaoni zitaibwa." Wizi wa kitaaluma unastawi palipo na giza. Tasnifu iliyo kabatini inaweza kunakiliwa sura nzima na mwanafunzi wa chuo kingine, na hakuna programu itakayomkamata kwa sababu haina cha kulinganisha nacho. Iliyo hadharani ina tarehe, ina jina, na mwizi anaonekana mchana. Kama kuna hataza (haki ya uvumbuzi) inayoombwa au makala inayosubiri jarida, weka zuio la muda: taarifa na ikisiri zionekane leo, faili lifunguke lenyewe baada ya mwaka 1 au 2. DSpace inafanya hivyo bila kuongezewa kitu.

Wengine watasema ubora wetu ni mdogo, tutajiaibisha. Hapa ndipo uvumilivu unanishinda. Kazi ilipita kwa msimamizi, kwa watahini, kwa seneti, mwenye nayo akavishwa joho. Kama ilitosha kumpa mtu shahada, inatosha kusomwa. Na msimamizi anayejua kwamba kila kazi aliyoipitisha itasomwa Kigoma na Kyoto ataisoma kwa kalamu nzito zaidi.

Na msinitajie Sweden kama pepo. Tasnifu nyingi za huku ni mkusanyiko wa makala, na mara nyingi kinachowekwa wazi ni ule utangulizi unaoziunganisha tu, makala zenyewe zikibaki mikononi mwa wachapishaji wanaotoza fedha. Za kwetu mara nyingi ni andiko moja zima, hakimiliki haijauzwa kwa mtu. Tungeweza kuzifungua zote, mwanzo hadi mwisho, mahali ambapo wao wamefungwa. Tuna nafasi nzuri kuliko wao na hatuitumii!

Kinachotakiwa kinaingia kwenye ukurasa mmoja wa kanuni za uzamili: fomu ya kumaliza chuo isipate saini ya maktaba mpaka PDF, ikisiri za lugha mbili na kibali cha mwandishi viwe vimepokelewa na kuhakikiwa. Zianze za mwaka huu, kwa kuwa hazidai skani. Halafu maktaba irudi nyuma mwaka kwa mwaka, isipokuwa zilizopigwa taipu miaka ya 1970, ambazo zipewe zamu ya mapema. Karatasi zake zinakatika ukizikunja, na nyingi hazina nakala ya pili.