Mhuri wa Malkia Marehemu

Shemeji yangu, ambaye ameishi Columbus katika jimbo la Ohio hadi akapata uraia wa Marekani, alitamani kwa muda mrefu kutundika sebuleni bunduki aina ya Lee-Enfield, kama ile aliyoibeba babu yake alipokuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, kule Burma mwaka 1944. Mimi nilikuwa mgeni wake wa wiki tatu, na kwa kuwa mgeni asiyekwenda kulima huanza kutazamwa vibaya siku ya tatu, nilijivika cheo cha mtaalamu. Usiku nne mfululizo nilitazama video za wakusanyaji wa silaha za kale, na ule wa nne niliota namba tupu.

Jumamosi tulikwenda kwenye maonyesho ya silaha. Katika meza ya kwanza, mzee mmoja mwenye ndevu alituonyesha Lee-Enfield iliyokolea mafuta hadi mbao zake zikawa nyeusi. Namba ya mwili wa bunduki ililingana na ya komeo, lakini kipande cha chuma kinachofunika ncha ya mbao kilikuwa na namba nyingine kabisa, na parafujo nene ilikuwa imepita katikati ya mbao kutoka upande mmoja hadi wa pili.

"Shemeji, hii ni ya kuungaunga," nilimwambia kwa sauti ya kusikika. "Ni lini umesikia jeshi la Mfalme likikaza mbao kwa parafujo kama kitanda cha fundi wa mtaani?"

Mzee hakujibu neno. Alitabasamu tu ndani ya ndevu zake.

Meza ya pili ndiyo iliyonimaliza. Bunduki iling'aa, na kila palipostahili namba palikuwa na namba ile ile, safi, kana kwamba imegongwa jana. Kwenye pete ya chuma inayoshika shingo ya kitako palikuwa na taji, chini yake herufi V.R., kisha neno ENFIELD na mwaka 1917. Herufi zenyewe zilipanda na kushuka kama mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza, na ile N ilitazama nyuma, lakini nilimweleza shemeji kwamba wakati wa vita mafundi hufanya kazi kwa haraka. Muuzaji, na hapa nimtendee haki, alituambia wazi kuwa haidhaminii, na kwamba alichokijua ni kuwa ilitoka pande za Peshawar, Pakistan.

"Peshawar!" nilirukia. "Si ndiko walikokuwa na kambi Waingereza?"

Shemeji akaomba apunguziwe kutoka dola 700 hadi 600, akalipa, tukaondoka kama watu waliookota almasi.

Jioni dada yangu alitoka jikoni, mikono imejaa unga wa chapati, akainama kuisoma bila kuigusa.

"V.R. ndiye nani?"

"Victoria Regina, yaani Malkia Victoria."

"Yule wanayesema alimgawia mjukuu wake mlima Kilimanjaro?"

"Huyo huyo, ingawa kisa chenyewe si cha kweli."

"Si alifariki 1901?"

"Januari," nilimsahihisha, na kwa jinsi nilivyofurahia ujuzi wangu, nilikwisha kulitamka neno kabla sijalisikia.

Kukawa kimya, isipokuwa chapati iliyokuwa ikiungua. Shemeji akawasha taa ya pili, akailaza bunduki mapajani, akapitisha kidole juu ya ile N. "Shemeji," akasema taratibu, "kwenu herufi hii hutazama upande gani?"

Sikuchukua dakika tano kupata jibu kwenye simu. Kusini mwa Peshawar kuna mji uitwao Darra Adam Khel, ambako mafundi wamekuwa wakinakili bunduki za Waingereza kwa tupa na nyundo kwa zaidi ya miaka mia moja. Fundi asiyesoma Kizungu hunakili mhuri kama mtu anayechora ua, akichukua taji kutoka bunduki moja na mwaka kutoka nyingine. Bunduki yetu iliiga aina ya Mk III, ambayo ilipitishwa mwaka 1907, Malkia akiwa kaburini mwaka wa sita. Namba zililingana kwa sababu ziligongwa kwa mkao mmoja. Na ile parafujo ya mzee mwenye ndevu iliwekwa na kiwanda cha serikali cha Ishapore, India, ili mbao zisipasuke. Na kipande cha namba tofauti ni jambo la kawaida kwa bunduki iliyopita karakana.

"Kwa hiyo mmenunua gobole," dada alisema. "Gobole lenye taji."

Jumapili tulirudi mbio kumtafuta yule mzee. Alikuwa anakunja kitambaa chake cha meza. Bunduki ilikuwa imenunuliwa jana yake, nusu saa baada yetu, na mtu aliyeiona ile parafujo akacheka kwa furaha.

Gobole limetundikwa sebuleni hadi leo, na halitiwi risasi, kwa maana chuma chake hakiaminiki. Nami nikipiga simu Columbus, shemeji haulizi habari za nyumbani. Huanza kwa kunipa salamu za Malkia.