Misri ya Matope

Mpwa wangu wa darasa la tano alipewa kazi ya kuchora Misri ya kale. Akachora piramidi tatu, jua, mchanga wa rangi ya chungwa na ngamia mmoja. Mwalimu kampa alama zote. Mimi ningemkata mbili. Ya kwanza ni ya ngamia: waliojenga piramidi za Giza, miaka kama 4,500 iliyopita, walibebesha mizigo punda, na ngamia alikuja kuzoeleka huko karne nyingi baada yao. Ya pili ni ya mchanga.

Wamisri wenyewe waliiita nchi yao Kemet, Nchi Nyeusi. Weusi huo ni wa tope lililoachwa na Mto Nile kila mwaka. Jangwa nalo walilipa jina lake, Deshret, Nchi Nyekundu. Huko walikwenda kuchimba mawe na dhahabu, na pembezoni mwake wakazika wafu wao. Tumewapa watu uraia wa makaburini.

Tumekosea hivyo kwa sababu kilichobaki ni mawe. Nyumba za watu, hata jumba la mfalme, zilikuwa za matofali ya udongo na makapi yaliyokaushwa juani. Jiwe lilikuwa la miungu na la marehemu. Matofali yakarudi kuwa udongo. Katika karne ya 19 wakulima walikuwa bado wanayachimba mabaki yake na kuyamwaga mashambani kama mbolea. Kwa hiyo mtalii anaoneshwa mahali watu walipozikwa, halafu anarudi kwao akisema ameona walivyoishi.

Maisha yenyewe yalikwenda na maji. Mwaka wao ulikuwa na majira matatu: Akhet, mto unafurika na mashamba yanalala chini ya maji, Peret, maji yameondoka na mbegu zinachipua, Shemu, ngano na shayiri zinavunwa. Pale Elephantine, karibu na Aswan, kuna ngazi za mawe zinazoteremka mtoni zenye alama za kupimia kina. Maji yakipanda kidogo, njaa. Yakipanda kupita kiasi, kijiji kinazolewa. Mafuriko yakiwa mazuri, watoza ushuru nao wanafurahi.

Na zile piramidi ambazo kila mwaka kuna mtu anatuambia zilijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine? Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye mwambao wa Bahari ya Shamu, zilipatikana karatasi za mafunjo zenye maandishi, za zamani kuliko nyingine zozote tunazozijua. Kati yake kuna daftari la msimamizi mmoja aitwaye Merer. Yeye na watu wake wapatao 40 walipakia mawe ya chokaa kwenye mashua huko Tura, kwenye machimbo, na kuyapeleka Giza, safari mbili au tatu kila siku kumi, mafuriko yakiwa yamejaza mifereji. Piramidi ya mfalme Khufu, ile kubwa ya Giza, basi, ina deni kwa mabaharia. Merer hakuandika lolote la ajabu: leo tumepakia, leo tumelala Tura. Ni daftari la kazini, na kwangu mimi lina thamani kuliko dhahabu yote ya Tutankhamun.

Hapa Mwanza ukiutaja Mto Nile, hakosi mtu wa kusema, "Maji yetu hayo." Nami nimewahi kulisema hilo nikiwa nimekunja nne. Ukweli unapunguza mbwembwe. Maji yanayotoka Ziwa Victoria pale Jinja yakifika kwenye kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini, karibu nusu yake yanapotea kwa jua. Yanayosalia hutiririka taratibu mwaka mzima. Mafuriko pamoja na lile tope jeusi yalitoka nyanda za juu za Ethiopia, kwa Nile ya Buluu na mto Atbara, baada ya mvua kubwa za Juni hadi Septemba. Sisi tulisaidia mto usikauke wakati wa kiangazi. Si haba, ila Kemet ni udongo wa Ethiopia.

Undugu wetu na watu wale nauona kwingine, kwenye beseni la samaki. Sato amechongwa na kuchorwa makaburini mwao. Walimwona anavyotoa watoto hai kinywani, wakamfanya alama ya kuzaliwa upya. Sangara, yule ambaye hata mabondo (vifuko vyake vya hewa) huuzwa, alikuwa mtakatifu mjini Esna, akakaushwa na kufungwa sanda kama binadamu. (Wote wawili kwetu ni wageni, waliletwa ziwani miaka ya 1950, mwenyeji ni ngege.) Nilipomsimulia hayo mama anayeniuzia samaki mwaloni, aliacha kupara magamba akaniuliza, "Na mabondo yake walimuuzia nani?"

Ukizitazama kuta zao kwa jicho la mtu wa ziwani, hutahitaji mtu wa kukuongoza. Kuna kiboko, aliyeharibu mashamba na bado wakamfanya Taweret, mungu mwenye mimba anayewalinda wanawake wanaojifungua. Kuna kwarara mweupe mwenye kichwa cheusi, ndege wa Thoth, mungu wa waandishi. Kwenye makaburi ya Saqqara wamezikwa kwarara zaidi ya milioni moja. Kuna mafunjo, yaliyowapa karatasi, kamba, viatu na mitumbwi. Na hawa wote karibu wametoweka huko. Kiboko wa Misri aliisha karne ya 19, kwarara akaacha kuzaliana huko karne hiyohiyo, na mafunjo ya mwituni ni ya kutafuta kwa tochi. Lile Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika 1970, lilikuta sehemu kubwa ya msiba umeshatokea. Lenyewe likamalizia mafuriko. Tope sasa linatuama katika Ziwa Nasser, na mkulima ananunua mbolea ya gunia.

Kwetu kwarara anadonoa takataka kando ya ziwa na hakuna anayegeuza shingo.

Mpwa wangu amekubali kuchora upya bila ngamia. Kuhusu udongo tumeshindwana. Anasema kalamu yake nyeusi ilipotea tangu muhula uliopita.